Nilivyobeba kitako cha bunduki ya marehemu baba kwenda Guangzhou kama sample

Wakuu, heshima kwenu. Wale mtakaoniamkia kwenye comment, marahaba nimeitanguliza.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, kidato cha nne cha zamani. Humu ndani nimekuwa msomaji zaidi kuliko mwandishi. Haya yalinitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo, kwa sababu nikizitoa hapabaki uzi.

Wiki iliyopita niliona kijana kaweka picha ya rifle kuukuu ya jeshi iliyovalishwa darubini, mkanda mpya na mpira wa begani, na watu wakawa wanauliza vinapatikana wapi. Nikaona bora niseme na mimi.

Baba yetu alikuwa na bunduki ya namna hiyo hiyo, .303 ya jeshi la Mwingereza. Baada ya vita zile zilizozidi ziliuzwa kwa raia wenye kibali, na moja ikamfikia yeye. Alipofariki, kibali kilihamia kwa kaka yangu mkubwa, kaka Issa, anayelima mpunga Liwale, pembeni mwa pori.

Kule bunduki ni chombo cha shamba kama jembe. Nguruwe pori wakipita kwenye majaruba, asubuhi utadhani trekta limelima. Mlio mmoja hewani unawafanya wasirudi kwa siku kadhaa.

Chuma chake kilikuwa kizima. Kitako, yaani ile mbao yote inayobeba chuma, kilikuwa na ufa shingoni, pale mkono unaposhika karibu na triga. Baba aliufunga ule ufa kwa waya wa shaba, mizunguko iliyobanana sana, kabla mimi sijaanza shule.

Mimi tangu utoto niliuona ule waya kama kiraka kwenye suruali.

Sasa nije kwenye kosa.

Nimefanya biashara Guangzhou miaka mingi. Nguo, viatu, baadaye vifaa vya umeme. Mfanyabiashara wa Guangzhou ana ugonjwa mmoja: akiona kitu kibovu nyumbani, anasema "hiki China wanakitoa". Nilikwenda Liwale mwezi wa kumi na mbili kumsalimia kaka, nikaishika ile bunduki, nikasema maneno hayo hayo.

Kaka akacheka. "Mdogo wangu, mie nimekuomba nini? Nimekuomba ulete betri ya redio."

"Kaka, niachie mimi. Nitaivalisha bunduki ya baba mpaka uone haya kuishika."

Nikamweleza darubini, mkanda wa ngozi, mpira wa begani usiumize mzee, na kitako kipya cha walnut kilichokatwa kwa mashine. Mimi mwenyewe sijawahi kufyatua hata risasi moja maishani. Vyote nilivisoma kwenye simu.

Akanisikiliza, kisha akasema jambo moja tu. "Mbao ichukue. Lakini mpunga ukianza kutoa masuke, mie niwe na bunduki mkononi."

Nikamwambia wiki sita. Tukaifungua, chuma akakifungia ndani, mimi nikaondoka na mbao.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini sikupiga picha tu na kuchukua vipimo?

Kwa sababu kule Guangzhou sample ndiyo lugha. Picha inabishaniwa, kipimo kinakosewa, lakini ukiweka kitu mezani, laoban, yaani bosi wa duka, anakigeuza mara mbili na kukwambia bei. Ukienda China bila sample umekwenda kutalii. Hiyo akili ya sokoni ndiyo niliyokwenda nayo airport, nikiwa na kitako cha bunduki ndani ya sanduku, kimezungushiwa mashuka. Nilijiambia ni mbao tu, haina hata msumari.

Ilipita. Mpaka leo sijui ilipitaje, na naomba sana asitokee mtu humu akasema "kumbe inapita". Nilikuwa mjinga aliyebahatika.

Nilifika Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou tunakofikia Waafrika, siku chache kabla ya mwaka mpya wao. Nilijua viwanda vitafungwa, nilitaka kuwahi oda mbili za nguo, sikuwahi. Maduka yakashusha mageti, wenye viwanda wakaenda vijijini kwao, nikabaki hotelini na kitako.

Hapo uvivu na udadisi vikakutana.

Wazoefu wa China mnaijua hadithi ya sample yenye kiraka. Mtu alipeleka suruali, gotini ilikuwa na kiraka, akaletewa kontena zima la suruali zenye kiraka gotini. Sijui kama ilitokea kweli, lakini sote tunaiamini. Fundi wa kule ananakili mpaka doa.

Nikaitazama sample yangu. Waya shingoni. Mikwaruzo. Mahali palipoliwa kidogo, pale shavu linapoegemea. Nikasema nikiipeleka hivi, wataninakilia uzee wote wa baba. Ngoja niisafishe kwanza.

Nikanunua msasa, mkali na laini.

Kwanza nilifungua waya. Ulikuwa umekaa miaka mingi hata ukabaki na umbo la kile ulichokuwa umeshika, kama springi iliyonenepa upande mmoja. Sikuutupa. Niliutia mfuko wa koti, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya safari nzima, tena bila kukusudia.

Kisha nikaanza kusugua.

Wakuu, nisiwafiche, nilifurahi. Chini ya ule weusi wa mafuta na jasho ilitokea mbao ya rangi ya chai yenye maziwa kidogo, ina mistari kama maji yanayopita juu ya mchanga. Ilinukia. Nikawa najiuliza huu mti uliota wapi, nani aliuchonga, alikuwa anawaza nini. Siku ya kwanza nilisugua nje. Siku ya pili nikaona ndani, kwenye mfereji anapolala mtutu, pamebaki peusi na pabaya, nikakunja msasa kwenye kijiti nikasafisha na ndani. Siku ya tatu nikarudia ndani kwa sababu pande mbili hazikulingana.

Mama anayefagia vyumba alikuja, akaona vumbi mpaka kwenye mito, akasema maneno mengi. Nilimwelewa vizuri bila kujua hata neno moja.

Mwezi wa tatu, ule msimu kuta za Guangzhou zinapotoka jasho na nguo hazikauki, maduka yalikuwa yameshafunguka kitambo. Nikaanza na darubini. Niliingia duka linalouza darubini za kutazamia ndege, nikamwonyesha dada muuzaji picha ya rifle iliyovalishwa. Alifunika kioo cha simu yangu kwa kiganja chake, akatazama mlangoni, akasema "mei you", hakuna, na nyuma yake kabati limejaa darubini.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema huyu hajui biashara.

Nikaenda kwa watu wa fanicha. Huko nikadanganya, nikasema ni mkono wa kiti. Jamaa akaugeuza, akauliza kiti gani kina mkono mmoja tu. Kisha akaniuliza nataka vipande vingapi, kwa sababu MOQ yake, yaani oda ndogo kabisa anayoipokea, ni mia mbili.

Na mimi, badala ya kucheka, nikaanza kuwaza. Bunduki kuukuu zenye vitako vibovu huko kusini hazikosekani. Mia mbili si nyingi. Wakuu, tamaa haistaafu.

Jioni hiyo nikaenda ofisini kwa Mama Shufaa, Mzanzibari anayetufungia mizigo. Yeye hukusanya mizigo ya watu wengi wadogo kwenye kontena moja, akaipeleka bandari ya Nansha, ikapanda meli. Nikamuuliza akinitilia vitu vya mbao shilingi ngapi kwa CBM, yaani kwa mita moja ya ujazo.

"Vitu gani, babu?"

"Mikono ya viti."

"Ilete niione."

Nikaitoa kwenye mfuko. Mama Shufaa alikuwa anakula embe lililokatwa, akaacha kijiti mdomoni. Baba yake mzazi alikuwa polisi Unguja.

"Babu we. Kiti hiki kinakaliwa na nani? Jeshi zima?"

Nikaanza kueleza. Akanyoosha mkono, nikanyamaza.

"Sikiliza. Kontena langu lina vigae vya msikiti, lina nguo za mjane wa Tandika, lina taa za kijana ndo kaanza juzi. Likifunguliwa pale bandarini, ukakutwa huu mkono wako, mizigo ya wote hao inalala. Kwa sababu yako wewe mwenye mvi. Mie sitii. Na hiyo uliyonayo usiirudishe tena hapa ofisini, wallahi nakuheshimu lakini nitakutoa."

Nikatoka. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilijiambia mwanamke ana woga. Nikaachana na wazo la mia mbili, lakini sikuachana na wazo la kitako. Kwa wakati huo wiki sita zilikuwa zimeshapita, na kaka alikuwa ameshaanza kupiga simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu. Wewe umefikia wapi?"

"Nimekaribia."

"Umekaribia Liwale au umekaribia China?"

Mtaa wa nyuma ya hoteli kulikuwa na mzee anayetengeneza vyombo vya muziki vya nyuzi. Kibanda chembamba, shingo za vyombo zimetundikwa kama samaki wa kukaushwa. Nilikuwa nimempita mara nyingi nikimwona anabana ufa wa mbao kwa vibanio vidogo. Nikasema huyu hana MOQ. Huyu anashughulika na kimoja kimoja.

Nikamwekea kitako mezani.

Yeye alisema Kikantoni, simu yangu haikijui. Mkewe akawa anarudia kwa Kichina cha serikali kwenye simu yangu, na simu inatoa Kiswahili kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ndivyo tulivyozungumza.

Mzee hakukigusa kwanza. Aliinuka, akashusha geti nusu, akarudi, akatandika kitambaa juu ya meza. Ndipo akakishika.

Simu ikasema: "Nilikuwa askari nikiwa kijana. Ninajua hii ni nini."

Nikamwambia ni mbao tu. Mkewe akatafsiri. Mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Nchini kwetu, mbao yake pia ni bunduki. Kwa nini umekuja nayo?"

Wakuu, hapo nilieleza ukweli wote kwa mara ya kwanza. Baba, kaka, mpunga, nguruwe. Mkewe aliuliza nguruwe wana ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Akasema, kupitia simu, kwamba na kijijini kwao walikuwepo.

Mzee akakipiga kitako kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapitisha kidole gumba ndani ya mfereji, akarudia, akasimama mahali fulani. Akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Nani alisafisha ndani?"

"Mimi."

Akachukua shingo ya chombo kimoja kilichovunjika, akanionyesha inavyoingia kwenye tumbo lake. Hakuna gundi, lakini ukiipachika haitikisiki, unasikia inakaa. Kisha akachukua karatasi mbili za gazeti, akaziweka pamoja, akanipa nizishike kwa vidole.

"Umeondoa unene huu. Kwenye chombo changu, unene huu ni sauti nyingine. Kwenye chombo cha kaka yako, chuma kitatembea kila kinapolia. Hata ungekirudisha leo, asingejua risasi inakwenda wapi."

Nilizishika zile karatasi mbili muda mrefu.

Kisha akauliza kuhusu shingo, kwa sababu rangi ya mbao pale ilikuwa tofauti. Nikatoa waya mfukoni. Huyo mzee alifurahi, wakuu. Aliuweka chini ya taa, akahesabu mizunguko, akamwonyesha mkewe. Simu ikasema aliyefunga alianza kwenye wembamba akaenda kwenye unene, kila mzunguko unabana uliotangulia, na mwisho akauficha chini ya mizunguko yake yenyewe bila fundo. Ikasema ule ufa ulikuwa umeshapona zamani, umekaa palepale miaka yote bila kusogea.

"Huyu mtu alijua mbao," simu ikasema. "Ungemuuliza."

Nikasema amefariki.

Mkewe hakutafsiri hilo. Nadhani mzee alilielewa usoni mwangu.

Nikamwomba anitengenezee tu, nitajua mwenyewe pa kupitisha. Akakataa. Alisema akitengeneza tutakuwa wakosaji wawili, na yeye ana mke, na kwamba kisitoke pale kikiwa kizima. Akachukua msumeno wa meno madogo, akaniwekea mkononi, upande wa mpini.

Nilikata mwenyewe. Sikukaripiwa wala kushikwa mkono. Nilianza shingoni, pale kwenye ufa, nikidhani patakuwa laini, na palikuwa pagumu kuliko kwingine kote. Nilikata mpaka vikawa vipande vya ukubwa wa sabuni. Mzee akavichanganya kwenye gunia la mabaki. Kimoja akakirudia, akakitazama mistari yake, akakiweka kwenye rafu ya vipande anavyozibia vyombo. Nilitaka kumuuliza kama atakitumia. Mpaka leo napenda kufikiri kwamba kuna chombo kinapigwa Guangzhou kina kiraka cha baba yangu.

Waya akanirudishia.

Sikumpigia kaka siku hiyo. Wala kesho yake. Niliogopa, na nikajidanganya kwamba nasubiri oda ya nguo iishe. Hii ndiyo sehemu ninayojuta kuliko msasa, kuliko airport, kuliko msumeno. Kama ningempigia siku ile, angejua hana bunduki inayokuja, angepanga mengine, angeomba hata askari wa wanyamapori waje. Yeye aliendelea kunisubiri, na mpunga ukatoa masuke.

Simu ilikuja kwa shemeji, mke wa kaka. Nguruwe waliingia, kaka akatoka na mkuki na debe la kupiga. Dume moja halikukimbia. Lilimchana paja kuanzia gotini kwenda juu. Alikuwa hospitali ya wilaya, anaongea, anauliza kama nimeshapanda ndege.

Nilipanda. Nguo nilimwachia Mama Shufaa azifunge, na nilipomweleza kwa nini, hakunisimanga. Alisema tu, "Nenda kwa ndugu yako, babu."

Nilifika Liwale nikiwa na betri ya redio na waya.

Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooka. Nikamwamkia, akaitika. Nikamweleza yote, tangu mashuka mpaka msumeno. Sikuruka kitu. Nilipofika mahali pa MOQ ya mia mbili alicheka mpaka akashika paja kwa maumivu. Nilipomaliza akauliza:

"Waya umeuleta?"

Nikampa. Akautia chini ya mto.

Chuma kilikuwa kituo cha polisi. Baada ya kaka kuumia, askari walisema bunduki isiyo kamili isikae nyumbani, wakaiandika na kuihifadhi. Alipoanza kutembea, kaka aliomba kibali cha kuitengenezea kitako kingine, na fundi mmoja wa pale, anayechonga mipini na vinu, aliletwa kituoni apime chuma mbele ya askari. Alichonga kwa mninga. Alikwenda na kurudi mara nyingi, kila mara anapaka masizi kwenye chuma, anakilaza kwenye mfereji, anaona panapogusa, anakwangua kidogo sana. Nilimtazama nikakumbuka karatasi mbili.

Mwaka uliofuata kaka alirudishiwa bunduki ikiwa imekaguliwa. Haina darubini. Haina mpira. Mkanda ni wa katani.

Nilimkuta kaka barazani anaushughulikia ule waya. Ameunyoosha kwa kuuvuta kwenye nguzo, sasa anaufunga kwenye shingo ya kitako kipya, anaanza kwenye wembamba anakwenda kwenye unene.

Nikamwambia, "Kaka, hiyo mbao ni mpya. Haina ufa."

Hakuinua kichwa. "Najua. Mkono wangu unautafuta."

Anachechemea mpaka leo, na hajawahi kunitajia hilo.

Somo langu ni fupi. Kabla hujakivalisha kitu cha zamani, kaa na anayekitumia akuonyeshe mkono wake unashika wapi. Kama umeshaharibu, piga simu siku hiyo hiyo. Na vijana mnaoenda China, kitu chochote cha bunduki, hata kipande cha mbao, hata mkanda wake, kiacheni nyumbani. Bahati yangu isiwe ramani yenu.

Uwanja ni wenu wakuu, matusi pia napokea. Ila nina ombi: kama kwenu kuna kitu cha mzee kilichofungwa waya, kamba au kitambaa, kiwe jembe, redio au kiti, hebu kiangalieni vizuri leo mniambie kimefungwa wapi. Na kama aliyekifunga bado yupo, muulizeni kwa nini, kisha mje mniandikie alichosema.